Jina la Ukoo: Uhakiki wa Istilahi kwa Kufuata Historia ya Jina la Nyerere

Istilahi nyingi zinazohakikiwa katika kurasa za aina hii ni za elimu maalumu: za fizikia, za sheria, za benki. Safari hii tumechagua istilahi ambayo karibu kila mtu mzima amekwisha kuijaza kwa kalamu yake mwenyewe, nayo ni jina la ukoo. Hukaa katika fomu ya kumwandikisha mtoto shule, ya kuomba kazi, ya kufungua akaunti, ya kuomba pasipoti na ya kudai mirathi. Imewekwa hapo isimame badala ya neno la Kiingereza surname, na kwa kuwa imekaa miaka mingi, ni wachache wanaouliza kama kiti hicho ni chake.

Hoja yetu ni kwamba istilahi hii ni sahihi kwa dhana moja tu, lakini fomu zetu zimeitwisha mzigo wa dhana nne. Tatizo halimo katika neno ukoo, ambalo ni neno zuri, la zamani na lenye maana inayojulikana. Tatizo limo katika mtafsiri aliyelichukua neno hilo akalibandika juu ya dhana ya kigeni bila kwanza kuuliza wenye majina wanaitwaje na majina yao yametoka wapi. Ili hoja isielee hewani, tutafuata historia ya jina moja linalojulikana na kila msomaji wetu, yaani jina la Nyerere, kisha tulilinganishe na mengine ya Afrika ya Mashariki.

Neno ukoo na mipaka yake

Katika Kiswahili cha kila siku ukoo ni jumla ya watu wanaojihesabu kuwa wametokana na mzee mmoja wa asili, wawe wanajuana au hawajuani. Ukoo ni mpana kuliko familia na ni mwembamba kuliko kabila. Pwani kuna maneno jirani yake: mbari, mlango na nasaba, kila moja na kivuli chake cha maana. Mtu anapoulizwa pwani, "Wewe wa mlango gani?", hatazamiwi kutaja jina la baba yake; hutazamiwa kutaja kundi. Ndivyo ilivyo bara pia. Ukoo una mzee wake wa asili, mara nyingi una mwiko wake, na una sheria juu ya nani anaweza kuoana na nani.

Kutokana na maelezo hayo, jina la ukoo lingepaswa kuwa jina la kundi hilo. Likitimiza maana yake, litakuwa jina ambalo mtu amelikuta, wanalo pia binamu zake wa mbali asiowajua kwa sura, na haliwezi kubadilika kwa sababu baba mmoja amefariki na mwana akashika nyumba.

Neno la Kiingereza tunalolitafsiri halikuanza na maana hiyo hata kidogo. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, na muundo wake ni "jina lililoongezwa juu ya jina". Waingereza walikuwa na Yohana wengi kijijini. Wakawatenganisha kwa nyongeza. Mmoja akawa Johnson kwa kuwa ni mwana wa John, mwingine Smith kwa kuwa ni mhunzi, mwingine Hill kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kilimani. Kwa karne kadhaa nyongeza hizo ziliganda zikawa za kurithiwa, hata leo mtu anaitwa Smith naye hajapata kushika nyundo. Uturuki ilifanya kwa amri ya mara moja kile ambacho Uingereza ilikifanya polepole: sheria ya mwaka 1934 ililazimisha kila nyumba ijichagulie jina la kurithisha. Kwa hiyo hata huko dhana ilikotoka, jina hilo halikuwa la ukoo. Lilikuwa nyongeza iliyoganda.

Historia ya jina moja

Sasa tulitazame jina la Nyerere. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, katika nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa ziwa Victoria. Wasifu wake unaeleza kwamba jina alilopewa kwanza lilikuwa Mugendi, lenye maana ya mtembezi, lakini muda si mrefu likabadilishwa kwa ushauri wa mganga, akaitwa Kambarage. Hilo ni jina la pepo wa mvua katika imani ya Wazanaki. Jina la Julius alilipata kwa ubatizo mnamo Desemba 1943, akiwa mtu mzima, mwaka uleule alioingia Makerere.

Na jina la tatu je? Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, aliyefariki mwaka 1942. Nalo lina kisa chake. Katika Kizanaki nyerere ni viwavi, na inaelezwa kwamba mtemi huyo alipewa jina hilo kwa sababu wakati wa kuzaliwa kwake viwavi walikuwa wameivamia nchi. Hii ni desturi ya kawaida ya makabila yetu mengi: mtoto huzaliwa wakati wa njaa akaitwa Njaa au Manjala, wakati wa vita akaitwa Vita, safarini akaitwa Safari. Jina huwa ni tarehe. Mtu akiulizwa mwaka wake wa kuzaliwa, jina lake humjibia.

Msomaji aangalie maana ya jambo hili kwa istilahi yetu. Nyerere halikuwa jina la ukoo wowote wa Kizanaki. Halikuwa hata jina la nyumba. Lilikuwa jina la mtu mmoja, lililofungamana na msimu mmoja wa viwavi, na mzazi wa mtu huyo hakuwa nalo. Lau kama jamaa ile ingekuwa na desturi ya kubeba jina moja la kudumu, tungetazamia jina la Burito, lililofuatana na la mtemi, ndilo liendelee. Halikuendelea. Lililoendelea ni la mtemi mwenyewe.

Liliendeleaje? Hapa ndipo shule na ofisi zilipoingia. Kambarage alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, daftari la shule lilitaka majina mawili, kwa kuwa lilikuwa limechorwa kwa mfano wa daftari la Uingereza. Jina la pili lililokuwa karibu na mkono ni la baba. Tangu Mwisenge hadi Tabora, Makerere na Edinburgh, daftari moja lilinakili daftari jingine. Katika kizazi hicho jina la Nyerere lilikuwa bado likifanya kazi yake ya asili, yaani kumtambulisha mwana kwa baba. Ndiyo maana kaka yake aliyerithi utemi, Edward Wanzagi, naye aliitwa Nyerere: si kwa sababu walikuwa ukoo wa Nyerere, bali kwa sababu baba yao alikuwa mmoja.

Kugeuka kwa jina kulitokea katika kizazi kilichofuata. Kwa desturi ya kumwita mwana kwa jina la baba, watoto wa Mwalimu wangeitwa wana wa Kambarage, au wana wa Julius. Hawakuitwa hivyo. Waliitwa Nyerere, jina la babu yao, na wajukuu wakafuata. Hapo ndipo jina la mtu lilipoganda likawa jina la familia. Tukitaka kuwa wepesi wa kusema, tunaweza kuonyesha kwamba jina hili lilipita katika hatua tatu: jina la kupewa kwa mtemi, jina la baba kwa Mwalimu, jina la familia kwa watoto wa Mwalimu. Herufi ni zilezile saba, lakini dhana ni tatu, na hakuna hata moja iliyo jina la ukoo.

Funzo la kwanza tunalolipata ni hili: mtu hawezi kuamua jina ni la aina gani kwa kulitazama lilivyoandikwa, wala kwa kutazama kizazi kimoja. Kizazi cha pili ndicho kinachoamua. Fomu inayodai "jina la ukoo" humtaka mwananchi atoe hukumu ambayo historia ya nyumba yake yumkini haijaitoa bado.

Majina mengine, njia nyingine

Wapo watakaosema kwamba jina la Nyerere ni mfano mmoja, na mfano mmoja haujengi kanuni. Tuongeze mingine.

Mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani mpaka kifo chake Julai 1898 anajulikana na wote kwa jina la Mkwawa. Jina lake refu ni Mkwavinyika, nalo ni jina la sifa lenye maana ya mtwaa nchi. Mkwawa ni ufupisho wake. Baba yake ni Munyigumba. Jina la ukoo wake, kwa maana halisi ya ukoo, ni Mwamuyinga, yaani wa uzao wa Muyinga. Basi ukoo huu ulikuwa na jina lake tangu zamani, tena lenye sarufi ya wazi kabisa: mwa- ya uzao, kisha mzee wa asili. Lakini mjukuu wa mtemi huyo, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi baada ya Uhuru, ameandikwa katika kumbukumbu za taifa kama Adam Sapi Mkwawa: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake. Kama angejaza "jina la ukoo" kwa utii wa neno, angeandika Mwamuyinga. Kama angejaza kwa mazoea ya ofisi, angeandika Mkwawa. Fomu moja, mtu mmoja, majibu mawili, na yote mawili yana hoja.

Kenya inatupa mfano wa jina lililozaliwa mbele ya macho ya watu. Rais wa kwanza wa nchi hiyo alizaliwa akaitwa Kamau; akajulikana kama Kamau wa Ngengi; mwaka 1914 akabatizwa Johnstone. Kenyatta lilikuwa lakabu iliyotokana na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa. Kitabu chake cha mwaka 1938 kilitoka kwa jina la Jomo Kenyatta, na tangu hapo jina la mkanda likawa jina la nyumba. Agikuyu wana koo zao zinazojulikana kwa majina, kama Anjiru na Ambui, na Kenyatta si mmojawapo. Tukilitazama jina kamili la mwanawe aliyekuwa Rais kuanzia 2013 hadi 2022, Uhuru Muigai Kenyatta, tunaona tabaka mbili zimekaa pamoja: Muigai ni jina la babu, kwa desturi ya Agikuyu ya kuwafufua wazee katika wajukuu, Kenyatta ni jina jipya la familia, kwa desturi ya daftari.

Tukivuka mpaka kwenda Burundi na Rwanda, ambako Kiswahili kina wasemaji na wasomaji wake, istilahi yetu inaanguka kabisa. Huko kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kushiriki jina lolote. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 1961, alikuwa mwana wa Mwami Mwambutsa. Mtu asiyejua historia hawezi kubaini undugu huo kwa kusoma majina. Koo zipo na zinajulikana, lakini hazikai katika jina la mtu. Mtafsiri anayeandika katika hati ya Mrundi kwamba "jina lake la ukoo ni" fulani ameandika jambo lisilo kweli, ingawa ametumia istilahi iliyozoeleka.

Habari ya Waluguru nayo inahitaji uangalifu wa pekee. Ukoo wao, uitwao lukolo, hufuata upande wa mama. Wamakonde na Wayao nao wana mapokeo ya namna hiyo. Kwa Mluguru, jina la ukoo kwa maana halisi ni jina la ukoo wa mama yake na wajomba zake, si la baba. Ofisi inayompa fomu inamtazamia aandike jina la upande wa baba. Hapo istilahi haikosei kidogo. Inaelekeza upande mwingine wa nyumba.

Mahali istilahi inapofaa

Hatutaki kuihukumu istilahi bila kuipa haki yake. Ziko jamii ambazo kwazo jina la ukoo ni istilahi sahihi. Wachaga wengi hubeba jina la ukoo kama jina lao la mwisho: Mushi, Massawe, Lyimo, Temu. Wawili wanaoitwa Massawe wanaweza kukutana Dar es Salaam kwa mara ya kwanza na wakajua kwamba wana asili moja bila kuwa wamewahi kula sahani moja. Wameru wana Kaaya na Mbise kwa utaratibu huohuo.

Pwani nako kuna majina ya namna hiyo, hasa ya nyumba zenye asili ya Omani. Mazrui ni mfano ulio wazi. Ukoo huu ulitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, ulipong'olewa na Sayyid Said. Kadhi Mkuu wa Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki 1947, na mwanawe Profesa Ali Mazrui, aliyefariki 2014, walishiriki jina hilo na watu wengine wengi ambao baba zao na babu zao ni tofauti. Hapa mnyororo wa "bin" unakwenda upande mmoja, na jina la ukoo linakaa pembeni yake bila kuchanganyika. Mwenye jina anajua lipi ni la baba na lipi ni la ukoo, kwa kuwa lugha yenyewe imeyatenganisha.

Neno bin, pamoja na mwenziwe binti, linastahili kusifiwa zaidi ya linavyosifiwa. Lilieleza uhusiano badala ya kuuficha. Mshairi wetu mkuu alipoandikwa Shaaban bin Robert, hakuna aliyeweza kudhani kwamba Robert ni ukoo. Lilipoondolewa neno hilo kwa ajili ya ufupi, uhusiano ukafichika, na leo katika orodha nyingi za maktaba amewekwa chini ya herufi R, kama kwamba ni wa ukoo wa Robert. Darasani, hata hivyo, mwalimu hamwiti "Robert". Humwita Shaaban Robert, au Shaaban. Sikio la msemaji limehifadhi ukweli ambao orodha imeupoteza. Jambo kama hilo lilimpata Mhabeshi Abebe Bikila, mshindi wa mbio ndefu za Olimpiki za 1960 na 1964. Magazeti ya dunia yalimwita Bikila, na kwa kufanya hivyo yakampa medali baba yake.

Hasara ya istilahi isiyo sahihi

Msomaji anaweza kuuliza kama haya si mabishano ya wanaisimu. La hasha. Tuchukue nyumba moja ya kufikirika, na tuipe watoto watatu. Wa kwanza, alipoandikishwa shule, mstari wa jina la ukoo ulijazwa jina la baba. Wa pili aliandikishwa na mjomba, akaandika jina la babu. Wa tatu aliandikishwa na shangazi mwenye kujali neno, akaandika jina la ukoo hasa. Wote watatu wamejibu swali lilelile. Miaka ishirini baadaye baba anafariki, na watoto wanakwenda kudai mirathi wakiwa na vyeti vitatu vyenye majina matatu ya mwisho. Sasa kila mmoja lazima atafute hati ya kiapo, barua ya serikali ya mtaa na mashahidi wa kuthibitisha kwamba yeye ni mtoto wa baba yake. Katika watatu hao hakuna aliyedanganya. Aliyekosea ni mtunga fomu.

Kwa wanawake hasara ni kubwa zaidi. Mwanamke anapoolewa, katika mila zetu nyingi haachi kuwa mtu wa ukoo wake. Ndiyo maana hata baada ya miaka arobaini ya ndoa wazee wa kwao huitwa jambo likimpata. Lakini akiwa ameanza kutumia jina la mumewe, fomu humwambia aliandike hilo kuwa jina lake la ukoo. Kwa neno moja amehamishwa ukoo, jambo ambalo mahari haikulifanya na mila haikulitaka. Vyeti vyake vya shule vinasema hivi, kitambulisho chake kinasema vile, na ofisi inamdai athibitishe kuwa ni mtu mmoja.

Istilahi shindani

Tuzipime istilahi zinazotumika kwa vigezo vya kawaida vya kazi yetu: usahihi wa dhana, ueleweka, ufupi, na uwezo wa kukaa pamoja na istilahi jirani bila kugombana.

Jina la mwisho ni fupi na linaeleweka. Kasoro yake ni kwamba linaeleza mahali, si dhana. Fomu nyingi hutaka jina hilo liandikwe kwanza, na hapo mwananchi anaagizwa aanze na la mwisho. Aidha, mwenye majina manne ana la mwisho lililo tofauti na mwenye matatu, ingawa ni ndugu.

Jina la baba ni sahihi kabisa pale linapomaanisha linavyosema, na tunalitetea. Lakini halifai kutumika kama jina la jumla, maana Mushi si jina la baba wa kila Mushi.

Jina la familia lina kasoro ya kuwa neno familia ni la mkopo, lakini limekwisha kuwa la kwetu. Linaeleza vizuri jina lililoganda na kurithiwa ndani ya nyumba, kama Nyerere kwa wajukuu wa Mwalimu, au Kenyatta. Halilazimishi asili ya ukoo. Hata hivyo haliwafai wale ambao hawana jina lililoganda, nao ni wengi sana, kwa mfano wote wanaofuata mtindo wa jina langu, la baba, la babu, ambao husogea hatua moja katika kila kizazi.

Jina la ukoo, kama tulivyoonyesha, ni sahihi kwa jina la ukoo.

Kumbe basi kosa la asili ni kudhani kwamba ofisi inahitaji kujua ukoo. Ofisi haihitaji. Inachokihitaji ni jina ambalo litatumika kumpanga mtu katika orodha na kumpata tena. Jambo hili limekwisha kutambuliwa kimataifa. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga juu ya hati za safari zinazosomwa kwa mashine, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, hutaja kitambulishi cha msingi na kitambulishi cha pili, na huiachia nchi inayotoa hati iamue sehemu ipi ya jina ndiyo ya msingi. Mashine inapewa nafasi 39 za herufi katika pasipoti ya kitabu, na alama ya kutenganisha vitambulishi viwili hivyo. Ukoo haukutajwa popote. Waliotunga mwongozo huo walijua kwamba dunia haina mtindo mmoja wa majina. Sisi tunaoishi katikati ya mitindo kumi tumejifanya kuwa na mmoja.

Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi tano, kila moja kwa dhana yake, na zisitumike moja badala ya nyingine.

Jina la kupewa: jina la mtu binafsi, liwe la kimila, la ubatizo au la dini nyingine. Kambarage ni jina la kupewa, na Julius vilevile.

Jina la baba na jina la babu: majina ya watu hao, yakiandikwa kwa kufuatana baada ya jina la kupewa. Adam Sapi Mkwawa ni mfano bora.

Jina la familia: jina lililorithiwa kwa vizazi viwili au zaidi bila kubadilika, bila kujali lilianza vipi.

Jina la ukoo: jina la kundi la asili moja, na hilo tu. Libaki kwa wanahistoria, wanaelimujamii, walimu wa mila, na kwa wale wanaolibeba kweli, kama Wachaga na Wamazrui.

Jina la orodha: jina analochagua mwenyewe, miongoni mwa majina yake, liwe ndilo la kumpangia katika kumbukumbu. Hii ndiyo istilahi tunayoipendekeza kwa fomu badala ya jina la ukoo. Ni fupi, maneno yake yote mawili yanajulikana na mtoto wa darasa la nne, na haimlazimishi mtu kusema uongo juu ya asili yake. Fomu ingeuliza majina kamili kwa mfuatano wa kawaida wa mwenyewe, kisha ikaagiza: "Piga mstari chini ya jina la orodha." Jina lililopigiwa mstari likishachaguliwa katika hati ya kwanza, hati zote zinazofuata zilifuate hilohilo.

Kwa watafsiri tunaongeza neno moja. Wanapokutana na istilahi ya kigeni katika hati, waulize kwanza hati ni ya nini. Katika riwaya ya Kiingereza, jina la familia latosha. Katika fomu ya ofisi, jina la orodha. Katika tasnifu juu ya Waluguru, jina la ukoo, tena pamoja na maelezo kwamba ni wa upande wa mama. Neno moja la Kiingereza halidai neno moja la Kiswahili.

Yapo mapingamizi mawili tunayoyatazamia. La kwanza ni kwamba istilahi imekwisha kuzoeleka. Tunajibu kwamba istilahi ambayo ndugu watatu wanaijibu kwa namna tatu haijazoeleka; imezoeleka kuonekana tu. La pili ni kwamba maneno hupanuka maana, na ukoo nalo laweza kupanuka. Ni kweli maneno hupanuka. Lakini ukoo bado linatumika kila siku kwa maana yake ya kwanza, katika posa, katika misiba na katika mirathi, ambako kutofautisha ukoo na jina la baba ni jambo la lazima. Kulipanua neno katika fomu na kulibana katika baraza la wazee ni kuwafanya watu wawe na lugha mbili kwa jambo moja, na watakaoumia ni wale wanaopita kutoka baraza moja kwenda jingine wakiwa na cheti mkononi.

Tunawaomba walimu watuletee orodha za majina ya madarasa yao, bila kutaja shule, zikionyesha wanafunzi wamejaza nini katika mstari wa jina la ukoo na nini maana ya jina hilo kwao. Tunawaomba maofisa wa masjala watuandikie ni mara ngapi wamelazimika kudai hati ya kiapo kwa sababu ya majina yasiyolingana. Ushahidi huo ukipatikana, mapendekezo haya yapelekwe mbele ya kamati ya istilahi yajadiliwe, yarekebishwe, na yakikubalika yaandikwe katika fomu zitakazochapishwa tangu hapo.